Meno Kumi na Nane na Tairi za Vipara

Mtani wangu aliniachia kazi mbili: kumzika, na kuwachekesha watu wakati wa kumzika. Ya kwanza ilikuwa na wasaidizi wengi. Ya pili niliifanya peke yangu, kwa kutumia kilori cha rimoti ambacho kwa miaka kadhaa kilitugombanisha kila Jumapili juu ya meno ya gia na aina ya tairi.

Kwanza nieleze huu utani, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kutumiana vikatuni kwenye simu. Mimi ni Mnyamwezi, muuza spea za pikipiki hapa Makanyagio. Yeye alikuwa Mfipa, dereva wa lori. Wafipa na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ambazo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku, akakusema mbele ya wakwe zako, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Ukifa, anakuja msibani kukucheka. Anavaa koti lako, anaiga mwendo wako, anaingia kaburini na kulalamika kwamba limechimbwa fupi. Mtu mzima akizikwa kimya kimya bila watani kufanya fujo, huku kwetu wazee wanatikisa vichwa na kuuliza kama marehemu aliishi na watu kweli.

Kilori alikinunua Kariakoo, kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika, siku aliyopeleka mchele Dar es Salaam. Alirudi nacho kimefungwa blanketi kwenye kiti cha abiria, na utingo wake, maskini, kahamishiwa nyuma kwenye turubai. Kilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Bodi hakina, tairi moja limechanika, na injini si ile kiliyotoka nayo kiwandani, maana mtu fulani huko kilikotoka alikwisha kuing'oa na kufunga kubwa zaidi. Hakikuwa cha betri kama vile vya watoto. Kilikuwa na kabureta, plagi, klachi na ekzosi, na kilikunywa naitro, mafuta makali ya spiriti yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo ya kupaka nywele, ambayo madereva wenzake walimletea kutoka Dar kwenye chupa za soda. Kikiwaka kililia kama msumeno wa kukatia magogo, na moshi wake ulinuka nywele za bibi siku ya sikukuu.

Bodi tulikikatia wenyewe kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Tukalipaka bluu kama lori lake, na nyuma akaandika kwa mkono wake maneno yale yale yaliyokuwa kwenye lori: KAMA UNAWEZA PITA. Uongo mtupu. Lori lake lilipitwa na kila kitu kilichokuwa na magurudumu katika mkoa huu, zikiwemo baiskeli zenye mkaa.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Kilori kilikuwa na gia kubwa ya plastiki inayozungusha magurudumu, na gia ndogo ya chuma inayokaa kwenye klachi. Hiyo ndogo ndiyo ya kubadilisha. Kwenye kopo la maziwa tulikuwa nazo mbili, moja ya meno kumi na nne na nyingine ya kumi na nane. Mtu yeyote aliyewahi kununua sproketi, ile gia ya mnyororo, dukani kwangu anaelewa hesabu yake. Wale wanaobeba magunia ya mahindi kutoka Sibwesa wanataka sproketi ndogo mbele, pikipiki ipande taratibu lakini isikatae mzigo. Vijana wa mjini wanaobeba wasichana wanataka kubwa, ikimbie, na wakifika kwenye kilima wanamwomba msichana ashuke. Kwenye kilori ni vivyo hivyo. Meno kumi na nne, nguvu. Meno kumi na nane, mbio, lakini injini inaondoka kwa shida, klachi inateleza, na chuma kinapata moto mpaka ukidondoshea tone la maji linarukaruka.

Tairi nazo zina hesabu zake. Tairi kubwa linafanya kazi ile ile ya kuongeza meno, kwa hiyo ukifunga tairi kubwa inabidi upunguze meno, la sivyo injini inabeba mzigo mara mbili. Mimi nilichagua tairi ndogo zenye kashata, yale matuta ya mpira yanayouma ardhi. Za mchanga nilizitengeneza mwenyewe: nilikata vipande vya tyubu kuukuu ya pikipiki, nikavibandika kwa supa gluu kukatisha tairi, vikawa kama makasia. Ilikuwa kazi nzuri na ninaisifu, kwa kuwa yeye hakuwahi kuisifu. Alizitazama, akasema, "Mtani, umekivalisha viatu vya katambuga."

Yeye alitaka tairi za lami. Laini, pana, hazina hata mstari. Vipara vitupu. Kwenye mji ambao wakati ule ukitoka barabara mbili tatu ulikuwa vumbi kiangazi na tope masika, mtu mzima mwenye leseni ya magari makubwa alinunua tairi za lami.

"Utakwama," nilimwambia.

"Babu zako walibeba mizigo kichwani mpaka pwani," alinijibu, "ndiyo maana hata kichezeo unataka kiwe na nguvu za kubeba. Upagazi uko kwenye damu. Mimi nataka kikimbie."

"Kikimbie kama radi mnazowatumia watu huko Sumbawanga?"

"Kama radi zetu. Na leo natuma moja dukani kwako."

Ilinichukua muda kumwelewa. Maisha yake yote alikuwa akileta mahindi na mpunga kutoka Kibaoni na vijiji vya Mpimbwe, kwa gia ya kwanza. Masika lori lilikuwa likilala porini, yeye na utingo wakikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, wakisikiliza viboko. Nguvu alikuwa nazo za kutosha kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mbio hakuwahi kuziona. Mimi niliyekaa dukani siku nzima kati ya minyororo na breki za watu wengine ndiye niliyetaka kuona kitu kikipanda mlima. Nikifikiri sasa, kila mmoja alikuwa akikiomba kilori kile alichokosa, lakini wakati ule nilimwona mbishi tu.

Tukakubaliana kupokezana. Jumapili moja gia yangu na tairi zangu, inayofuata za kwake. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya nyumba aliyokuwa akiishi na mama yake, karibu na mashine ya kukoboa mpunga, penye lundo la pumba lililofika kifuani kwa mtu mzima. Mtihani ulikuwa kupanda lundo lile na kushuka upande wa pili. Yeye alikuja akitoka kanisani, bado na shati jeupe. Mimi nilifunga duka baada ya adhuhuri. Mama yake alikaa kwenye kigoda penye kivuli cha ukuta, akichambua maharage na kulalamika. Alikichukia kilori kwa sababu moja ya haki kabisa: yeye ndiye aliyefua yale mashati, na harufu ya nyonyo iliyoungua haitoki kwa sabuni ya mche.

Jumapili zangu kilori kilipanda. Kiliondoka taratibu, makasia yakachota pumba, kikafika juu na kushuka upande wa pili bila matatizo. Watu wawili watatu walitazama, wakasema "safi", wakaondoka. Mama alisinzia.

Jumapili zake watu walijaa. Walikuja wa mashine, walikuja wauza mitumba, walikuja hadi bodaboda wateja wangu, wasaliti wakubwa. Alikirudisha nyuma mpaka ukutani ili kipate nafasi ya kuvuta, akaguna, akabonyeza gesi yote. Kilori kilisitasita kwanza, kama mtu aliyeamshwa ghafla, halafu kikashika mbio na kulivamia lundo. Katikati ya mlima vipara vikaanza kuzunguka bure, pumba zikaruka hewani na kuwamwagikia waliokaa karibu, kilori kikajichimbia mpaka tumboni na kubaki kinanguruma, maneno yake ya nyuma yakitutazama. KAMA UNAWEZA PITA.

Hapo mama aliinua kichwa kutoka kwenye maharage na kusema maneno yale yale, kila mara, kwa sauti ile ile: "Nyie, kimechoka hicho. Nendeni mkakisukume."

Na kila mara alikwenda yeye. Alinitupia rimoti mimi, akashika suruali kiunoni kwa mkono mmoja kwa sababu ya tumbo, akakimbia. Mtu mnene anayepanda lundo la pumba anazama kila hatua, basi alifika juu akiwa amepiga magoti, shati jeupe limekwisha, akakisukuma kwa kidole kimoja na kunifokea, "Gesi, mtani! Gesi!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka nikakaa chini. Mama hakucheka. Alikunja mdomo na kurudi kwenye maharage, lakini nilikwisha kugundua kwamba kwenye Jumapili za mwanawe hasinzii.

Mara moja tu mtani wangu alikuwa na haki, na nitaisema ingawa inaniuma. Lami ilipofika, kabla haijazoeleka, tulitoka naye asubuhi ya Jumapili mpaka nje ya mji, mahali barabara imenyooka na hakuna kitu. Alifunga meno kumi na nane na vipara. Ndani ya tairi alizungusha plasta za gundi nilizompa dukani, maana tairi laini likizunguka kasi linavimba katikati na kubaki linagusa chini kwa ukingo mwembamba kama wembe. Alikaza nati zote yeye mwenyewe. Kisha akakiweka kwenye lami, akatema mate pembeni, akabonyeza.

Sijawahi kusikia sauti ile tena. Kelele za msumeno zilipanda, zikapanda, halafu zikawa filimbi moja nyembamba, na kilori kikawa doa la bluu, kikawa hakipo. Alikaribia kupoteza mawasiliano ya rimoti. Kilipogeuka kurudi kilitupita ubavuni kwa upepo, na tairi moja la nyuma, plasta au siyo plasta, lilichomoka kwenye rimu na kuruka shambani. Nilimgeukia nimcheke. Alikuwa akilia. Alisimama pale katikati ya lami mpya, mtu mwenye mvi, machozi yanashuka, anatabasamu.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona, mtani."

"Basi ndivyo."

Tulitafuta lile tairi kwenye mahindi mpaka jua likawa kali. Ninaikumbuka asubuhi ile kuliko harusi yangu, na mke wangu anajua.

Lami ilimchelewea. Haukupita muda mrefu akaanza kuvimba miguu, mara presha, mara figo, mara hospitali inasema hivi na kesho inasema vile. Lori alipewa kijana mwingine, naye analikimbiza Kibaoni na kurudi kabla chai ya saa nne haijapoa. Jumapili tuliendelea, yeye akiwa kitini kando ya mama yake, mimi nikiendesha zamu zote mbili. Zamu zake nilikwenda kukisukuma mimi, lakini hakuna aliyecheka. Mimi ni mwembamba, ninapanda lundo bila shida yoyote.

Siku moja aliniita karibu. Mama alikuwa ndani.

"Mtani, mimi naondoka. Usinibishie, kubishana tumebishana vya kutosha. Mama ndiye ninayemfikiria. Huyu tangu azike baba hajalia mbele ya watu wala hajacheka mbele ya watu, anavimeza vyote. Atanimeza na mimi, halafu vitamuua. Wewe ni mtani wangu. Siku hiyo ufanye fujo. Uwachekeshe mpaka yeye acheke."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa nakutumia radi."

Nilijibu kitu cha kijinga, sikumbuki nini. Nilikuwa na hasira, na mtani haruhusiwi kuwa na hasira.

Asubuhi ya mazishi nilikaa dukani milango imefungwa, kilori mezani, kopo la maziwa pembeni. Mama yake, tangu mwili uletwe nyumbani, hakuwa amesema neno. Alikaa kwenye mkeka akiwa amenyooka, wanawake wakimlilia pande zote, macho makavu. Nilikuwa nimejaribu kuvaa koti lake la kazi na kuiga anavyoteremka kwenye lori. Watu walitabasamu kwa heshima. Mimi si mchekeshaji, nakubali, mimi ni muuza spea. Kilichobaki kilikuwa kile kilori.

Mkono wangu wenyewe ulichukua gia ya meno kumi na nne. Ardhi ya kaburini ilikuwa imenyeshewa, nyekundu, laini; kwa gia yangu na kashata zangu kilori kingepanda vizuri, watu wangesema safi. Lakini kwa gia hiyo mama alikuwa akisinzia. Nikairudisha kwenye kopo, nikafunga meno kumi na nane. Nikang'oa kashata. Nikafunga vipara. Nilikaza nati moja moja huku nikimtukana, kwa sauti, mle dukani, na machozi yakinidondokea kwenye gia kubwa mpaka nikalazimika kuifuta.

Kaburini, baada ya sala, kabla jeneza halijashushwa, nikasimama mbele ya katekista na kutangaza kwamba Mfipa huyu haondoki mpaka lori lake lipite. Katekista ni mtu wa huku, anazijua taratibu. Akafunga kitabu chake na kurudi nyuma hatua chache, lakini hazikutosha.

Nilikiwasha. Kikalia. Moshi wa nyonyo ukaenea juu ya watu wote na nikamwona mama anageuza shingo. Nikakirudisha nyuma mpaka kwenye miguu ya wachimba kaburi, nikaguna kama yeye, nikabonyeza gesi yote. Kikasita, kikaamka, kikalivamia lundo la udongo. Katikati vipara vikateleza. Udongo ukaruka, tope jekundu likamjaa katekista kuanzia magotini mpaka kwenye miwani, na kilori kikajichimbia tumboni na kubaki kinanguruma, makalio yametuelekea. KAMA UNAWEZA PITA.

Mtu mmoja wa mashine alipasuka kwa kicheko. Halafu bodaboda. Halafu wachimba kaburi wakaegemea sepetu zao, wanawake wakajifunika khanga mabega yakitetemeka, na katekista mwenyewe, akivua miwani, akasema, "Marehemu alikuwa mbishi, jamani," na makaburi yote yakawa kicheko. Nilimtazama mama. Alikuwa amekunja mdomo.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Kilori kikaendelea kunguruma. Mimi nilisimama pale na rimoti mikononi, kidole kwenye gesi, na watu wakaanza kunitazama, na sikujua kwa nini siendelei. Nilikuwa nasubiri. Rimoti iko kwangu, kilori kimekwama, basi mtu mnene akimbie sasa ameshika suruali. Mwili wangu wote ulikuwa unamsubiri.

Mama aliinuka kwenye mkeka. Wanawake walitaka kumshika, akawasukuma. Alikuja mpaka nilipo na akanipokonya rimoti mkononi, kitu alichoapa siku zote kwamba hatakigusa.

"Usimsubiri, mtani," alisema. "Nenda kakisukume wewe."

Nikavua viatu, nikakunja kanzu, nikapanda. Udongo ulikuwa laini kuliko pumba na nikazama mpaka magotini, nikaanguka, na nyuma yangu nikasikia sauti nisiyoijua, sauti ya mwanamke mzee anacheka na kulia kwa pamoja, anashindwa kuchagua. Niliweka kidole kwenye bodi la bluu. Niligeuka nifoke lile neno lake.

Akalisema yeye. "Gesi!" mama alipiga kelele, na akabonyeza yote.